Makocha wa futiboli ya vyuo vikuu Marekani: kwa nini wasilipwe kwa matokeo?

Mtazama Jumamosi (mwanzilishi wa mada)

Wakuu, nawasalimu. Nina swali kuhusu futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba na kurusha mpira wenye umbo la yai, ambalo limenikaa kichwani tangu Oktoba 2025, na ningependa lijibiwe na wanaoielewa mikataba kuliko mimi, ambaye ni mtazamaji tu.

Tarehe 26 Oktoba 2025 Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, kinachojulikana zaidi kama LSU, kilimfungashia virago kocha wake mkuu, Brian Kelly, siku moja baada ya timu yake kufungwa nyumbani na Texas A&M kwa alama 49 kwa 25. Mkataba wake wa mwaka 2021 ulikuwa wa miaka 10 na thamani yake ilikuwa takriban dola milioni 95. Kwa kuwa alikuwa hajafika hata nusu ya safari, chuo kilibaki na deni la takriban dola milioni 54 kwa mtu ambaye hakitaki tena kumwona pembeni mwa uwanja. Gavana wa jimbo, Jeff Landry, alijitokeza hadharani kulalamikia mikataba ya namna hiyo, na siku chache baadaye mkurugenzi wa michezo wa chuo, Scott Woodward, naye akaondoka. Waliokuwa na kumbukumbu nzuri walikumbusha kwamba Woodward huyohuyo ndiye aliyekuwa Texas A&M mwaka 2017, wakati chuo hicho kilipomwajiri kocha Jimbo Fisher kwa miaka 10 na dola milioni 75 zilizodhaminiwa zote, yaani angelipwa hata akifukuzwa.

Ya Fisher mnayajua. Mkataba wake uliboreshwa mwaka 2021, akatimuliwa tarehe 12 Novemba 2023, na akaondoka akidai takriban dola milioni 76. Jambo linalonishangaza ni kwamba alitimuliwa siku moja baada ya kuifunga Mississippi State alama 51 kwa 10.

Swali langu ni hili. Wakala wa mauzo hulipwa kamisheni: akiuza kingi anapata kingi, asipouza anabaki na mshahara mdogo wa kumwezesha kuishi. Kocha wa futiboli ya chuo ana kazi ambayo matokeo yake huandikwa kwenye ubao wa alama kila Jumamosi mbele ya maelfu ya watu, na hakuna kazi nyingine ninayoijua ambayo ni rahisi kupimwa kuliko hiyo. Kwa nini basi vyuo visimpe, kwa mfano, dola milioni 2 kwa mwaka, kisha kiasi fulani kwa kila ushindi, kiasi kikubwa zaidi kwa ubingwa wa ligi, na donge nono kwa ubingwa wa taifa? Akishindwa, anaondoka na alichokifanyia kazi. Nasikia mikataba yao tayari ina bonasi. Kama ni hivyo, bonasi hizo zinafanya kazi gani?

---

Kalamu na Mkataba

Ndugu Mtazama Jumamosi, swali lako ni zuri, lakini nadhani umeanza na dhana inayohitaji kusahihishwa kwanza, nayo ni kwamba chuo ndicho kinachoandika mkataba. Chuo hukaa upande mmoja wa meza. Upande wa pili hukaa wakala wa kocha, na mara nyingi wakala huyo anawawakilisha makocha wengine kadhaa ambao chuo kingewafikiria endapo huyu angekataa. Mtu anayeandika masharti ni yule ambaye siku hiyo hana haraka. Mkurugenzi wa michezo aliyemfukuza kocha Jumapili, huku wachezaji wake wakianza kuulizia milango ya kuhamia vyuo vingine, ana haraka kuliko mtu yeyote katika jimbo zima.

Nikija kwenye bonasi: zipo, na takriban kila mkataba unazo. Utakuta kiasi fulani kwa kufikisha ushindi wa kutosha kualikwa kwenye mechi za mwisho wa msimu, kiasi kingine kwa ubingwa wa ligi, kingine kwa kuingia kwenye mchujo wa kutafuta bingwa wa taifa, kingine kwa kuchaguliwa kocha bora wa mwaka, na kidogo mno kwa maendeleo ya masomo ya wachezaji. Mara nyingi hatua za mchujo hazijumlishwi. Hulipwa ile ya juu kabisa iliyofikiwa. Lakini angalia uwiano. Mwaka 2024 Kirby Smart wa Georgia, kocha aliyekwisha kutwaa ubingwa wa taifa mara mbili, alipata mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 13 kwa mwaka, na bonasi zake zote kwa mwaka mmoja, hata angeshinda kila kilichopo, hazizidi dola milioni 1.55. Kwa Kelly pale LSU, ubingwa wa taifa ungemletea bonasi ya dola laki 5, wakati mkataba wake wa kawaida ulikuwa ukimpa zaidi ya dola milioni 9 kwa mwaka kwa wastani. Hapo bonasi ni chumvi tu. Mlo ni ule uliodhaminiwa.

Kuna chuo kimoja, hata hivyo, kilichofanya karibu kabisa na unachokipendekeza, na kisa chake kinafundisha kuliko nadharia. Mwaka 2020 timu ya Michigan, chini ya Jim Harbaugh, ilishinda mechi 2 na kufungwa 4 katika msimu uliokatwakatwa na korona. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha na hakuwa amewahi kuwafunga mahasimu wao Ohio State tangu aajiriwe. Januari 2021 chuo kilimpa mkataba mpya uliopunguza mshahara wake kutoka takriban dola milioni 8 hadi takriban milioni 4, na pengo likajazwa kwa bonasi za kweli: laki 5 kwa kuongoza kundi lao ndani ya ligi ya Big Ten, milioni 1 kwa ubingwa wa ligi, laki 5 kwa kuingia kwenye mchujo wa taifa, na milioni 1 kwa ubingwa wa taifa. Huo ndio mshahara wa matokeo unaoutaka, neno kwa neno.

Msimu uliofuata Michigan iliifunga Ohio State 42 kwa 27, ikatwaa ubingwa wa Big Ten, ikaingia kwenye mchujo. Harbaugh akawa amejikusanyia bonasi za dola milioni 2, na akatangaza kwamba fedha hizo ziende kwa wafanyakazi wa idara ya michezo waliokatwa mishahara wakati wa korona. Mpaka hapo mtu angesema utaratibu umefanikiwa. Lakini Februari 2022, mwaka mmoja tu baadaye, alisaini mkataba mwingine wa miaka 5 wenye thamani ya dola milioni 36.7, yaani wastani wa zaidi ya milioni 7 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya kipato chake ikarudi kwenye mshahara wa uhakika.

Mnaona kilichotokea? Alipokuwa dhaifu, chuo kilimwekea masharti ya matokeo. Alipopata matokeo, aliyatumia kuyafuta masharti yenyewe. Kocha hukubali kulipwa kwa ushindi wakati ambapo hakuna mwingine anayemtaka. Akianza kushinda, anatakiwa na wengi, na wanaomtaka wanampa uhakika. Kwa hiyo mkataba wa matokeo katika soko hili hauishi muda mrefu, kwa sababu kufanikiwa kwake ndiko kunakouua.

---

Punti ya Nne

Naomba niongeze kisa kingine, kwa kuwa Kalamu na Mkataba ameeleza nani anapata masharti hayo, mimi nieleze kinachotokea yanapoandikwa kwa namba. Nimeifuatilia Iowa kwa miaka mingi, jambo ambalo waliowahi kuitazama watakubali kwamba linahitaji subira.

Iowa ni timu ya ulinzi. Tarehe 3 Septemba 2022 iliifunga South Dakota State alama 7 kwa 3 bila kupata tachidauni hata moja, yaani bila kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani. Alama hizo saba zilitokana na mpira mmoja uliopigwa katikati ya nguzo, ambao ni alama 3, na mara mbili ambapo walinzi wa Iowa waliwaangusha wapinzani ndani ya eneo lao wenyewe la mwisho, ambapo kila mara ni alama 2. Kocha mkuu, Kirk Ferentz, amejenga himaya yake yote juu ya falsafa hiyo: usikosee, upige mpira mbali, umwache mwenzako akosee. Kocha wa mashambulizi alikuwa mwanawe, Brian Ferentz, na kwa sababu ya kanuni za chuo kuhusu kuajiri ndugu, kwenye karatasi Brian aliwajibika kwa mkurugenzi wa michezo badala ya baba yake.

Baada ya msimu huo wa 2022, ambao Iowa ilimaliza kwa wastani wa alama 17.7 kwa mechi, mkurugenzi wa michezo, Gary Barta, alifanya jambo ambalo ni nadra kuliona likiandikwa waziwazi hivyo. Mshahara wa Brian ulishushwa kutoka dola 900,000 hadi 850,000, na mkataba ukawekewa masharti mawili kwa msimu wa 2023: timu ishinde mechi zisizopungua 7, na ipate wastani wa alama 25 kwa mechi. Masharti yote mawili yakitimia, angepata bonasi na mshahara wake ungepanda kupita ule wa zamani. Moja likikosekana, mkataba ungefikia kikomo tarehe 30 Juni 2024.

Sasa lisome sharti hilo la alama 25 kama mwanasheria anavyolisoma. Halikusema alama za safu ya mashambulizi. Lilihesabu alama zote za timu, zikiwemo zile zinazopatikana mlinzi anapouiba mpira na kukimbia nao hadi mwisho, na zile za mchezaji anayeurudisha mpira uliopigwa. Maana yake ni kwamba mshahara wa kocha wa mashambulizi uliweza kuokolewa na walinzi, watu asiowafundisha. Mashabiki na waandishi walikokotoa haraka: mechi 13 mara 25 ni alama 325, na namba hiyo ikageuka kuwa mchezo wa pili uliochezwa sambamba na ule wa uwanjani. Mechi ya kwanza, dhidi ya Utah State, iliisha 24 kwa 14. Iowa ilishinda kwa alama 10, na mazungumzo ya wiki nzima yakawa juu ya ile alama moja iliyopungua.

Hapo ndipo ubaya wa sharti hilo ulipo, na ningependa Ndugu Mtazama Jumamosi autafakari. Fikirieni timu inaongoza kwa alama 10 katika dakika za mwisho. Baba, ambaye kazi yake ni kushinda, anataka mpira ushikwe, muda uishe, watu waende nyumbani salama. Mwana, kwa mujibu wa mkataba wake, anahitaji tachidauni nyingine. Sisemi kwamba kuna siku walishindana kwa hilo, maana Iowa iliendelea kucheza kama Iowa. Nasema mkataba uliandikwa kwa namna ambayo kucheza vizuri kwa ajili ya timu kulikuwa kunampunguzia mwajiriwa nafasi ya kubaki kazini.

Mwisho wake mnaujua. Penn State iliwafunga 31 kwa 0 mwezi Septemba, mashambulizi yakazidi kudorora baada ya majeruhi, na tarehe 30 Oktoba 2023 mkurugenzi wa muda, Beth Goetz, akatangaza kwamba Brian hatarejea baada ya msimu. Wakati tangazo linatoka, timu ilikuwa imeshinda mechi 6 kati ya 8. Ilimaliza na ushindi 10, ikacheza fainali ya Big Ten, na wastani wake wa alama ulikuwa 15.4. Sharti la ushindi lilipitwa kwa mbali. Sharti la alama halikukaribiwa hata kidogo. Chuo kiliweka vipimo viwili kwa kazi moja, na vipimo hivyo vikatoa majibu yanayopingana.

---

Mtazama Jumamosi

Nashukuru sana, wakuu. Kisa cha Iowa nilikuwa nimekisikia kama mzaha tu, sikuwahi kukitazama kwa jicho hilo. Lakini niruhusuni nibishe kidogo. Kosa la Iowa lilikuwa ni kuchagua kipimo kibaya. Ushindi wa mechi hauna tatizo hilo: baba na mwana wote wanautaka. Tukiacha alama na kupima ushindi peke yake, bado hoja yangu inasimama au haisimami?

---

Kifungu Kidogo

Inasimama kwa mguu mmoja, ndugu yangu. Nami nitatofautiana kidogo na waliotangulia, kwa sababu wote wawili wameitafuta malipo ya matokeo mahali ambapo haipo. Wameitafuta kwenye bonasi. Mimi nasema itafuteni kwenye kipengele cha kuachana, yaani kile kinachosema nani anamlipa nani mkataba ukivunjwa.

Msimu wa kawaida una mechi 12. Kwa sampuli ndogo kiasi hicho, mpira mmoja ulioteleza mkononi au goti moja la mchezaji anayeongoza mashambulizi linaweza kubadilisha ushindi 9 kuwa 7. Hakuna kocha mwenye wakala mzuri atakayekubali nusu ya kipato chake itegemee goti la kijana wa miaka 20, isipokuwa alipwe zaidi kwa kuibeba hatari hiyo, na hapo chuo kitakuwa hakijaokoa chochote. Kisha kuna suala la ratiba: ukimlipa mtu kwa kila ushindi, atakuomba umtafutie wapinzani wepesi, na mkurugenzi wa michezo atakayetaka kumfurahisha atawatafuta.

Kwa hiyo pande mbili hizo zilikwisha kukubaliana bila kusema, miaka mingi iliyopita, kwamba hukumu ya matokeo haitatolewa kwa kupunguza mshahara, bali kwa kumfukuza au kumwongezea miaka. Hayo ndiyo malipo ya matokeo ya kweli katika futiboli ya vyuo. Fisher alikuwa na msimu mzuri mwaka 2020, mechi 9 ameshinda na 1 amefungwa. Hakupewa bonasi kubwa, alipewa miaka mipya yenye udhamini wote. Kosa la Texas A&M lilikuwa katika kutoa zawadi ya ushindi wa jana kwa sarafu ya udhamini wa kesho, tena bila kuweka sharti kwamba akipata kazi nyingine mshahara wake mpya upunguze deni. Msimu wa 2022 timu ilishinda mechi 5 ikafungwa 7, na hapakuwa na mstari hata mmoja katika mkataba ule uliosikia habari hiyo.

Linganisheni na Penn State. James Franklin alitimuliwa tarehe 12 Oktoba 2025, miezi michache tu baada ya kuifikisha timu nusu fainali ya taifa, na magazeti yote yaliandika kwamba alikuwa akidai takriban dola milioni 49. Lakini mkataba wake ulimtaka atafute kazi na kipato chake kipya kikatwe kwenye deni hilo. Alipokubali kwenda Virginia Tech mwezi uliofuata, pande mbili zilimalizana kwa dola milioni 9. Sentensi moja kwenye mkataba ilikuwa na thamani ya mamilioni 40. Ningekuwa mkurugenzi wa michezo ningeacha kubishana kuhusu bonasi za ubingwa na kupigania sentensi hiyo mpaka alfajiri.

Kuna waliojaribu kwenda mbali zaidi na kuifanya fidia ya kuachana yenyewe isikilize matokeo. Mkataba wa Sam Pittman pale Arkansas ulisema kwamba akifukuzwa akiwa na rekodi ya angalau nusu kwa nusu tangu mwanzo wa msimu wa 2021, alipwe asilimia 75 ya kilichobaki. Akiwa chini ya nusu, asilimia 50. Msimu wa 2020 uliachwa nje kwa sababu ya korona. Binafsi nilikiona kipengele hicho kuwa cha busara kuliko vyote nilivyowahi kuvisoma, mpaka ilipofika siku ya kukitumia.

Tarehe 27 Septemba 2025 Arkansas ilifungwa nyumbani na Notre Dame alama 56 kwa 13. Chukueni kalamu mhesabu: tangu 2021 Pittman alikuwa ameshinda mechi 29 na kufungwa 27. Alikuwa juu ya mstari kwa mechi mbili. Akifungwa mara tatu zaidi mfululizo anashuka chini yake, na chuo kinaokoa mamilioni. Kwa maneno mengine, kwa majuma kadhaa chuo kilikuwa na sababu ya kifedha ya kuiombea timu yake yenyewe ifungwe. Arkansas haikusubiri, ilimtimua kesho yake na kukubali kulipa kiwango cha juu, na nadhani ilifanya uungwana. Lakini timu haikushinda mechi nyingine hata moja msimu ule. Ilimaliza na ushindi 2 na vipigo 10. Uvumilivu wa majuma machache ungelipa, na ungelipa kwa sababu mbaya.

---

Kalamu na Mkataba

Hapo Kifungu Kidogo amenizidi, nakiri. Niongeze tu kwamba fidia hiyo ina njia mbili, jambo ambalo mashabiki husahau. Kocha akivunja mkataba kwenda kwingine, yeye, au kwa kawaida chuo kinachomchukua, hulipa. Gerry DiNardo alipoondoka Vanderbilt mwaka 1994 kwenda LSU, Vanderbilt ilimdai mahakamani, na mwaka 1999 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikubali kwamba kipengele cha fidia iliyokubaliwa mapema ni halali na si adhabu, kwa kuwa chuo hupoteza mengi kocha akiondoka na hasara hiyo haipimiki kirahisi. Hoja ileile ndiyo inayomlinda kocha anapofukuzwa. Ukitaka kuiondoa upande mmoja, jiandae kuipoteza upande wa pili.

Na kuhusu Kelly: baada ya mazungumzo ya kupunguza deni kukwama, ulizuka ubishi kama amefukuzwa kwa kosa au bila kosa, naye akaenda mahakamani. Mwishowe LSU ilithibitisha kwamba ameondolewa bila kosa. Kufungwa mechi si kosa la kimkataba. Neno «kosa» kwenye mikataba hii humaanisha ukiukaji wa kanuni, uongo, au mwenendo wa aibu, na ninavyoona hakuna wakala makini atakayeruhusu «kufungwa mara nyingi» kuingizwa kwenye orodha hiyo.

---

Mtazama Jumamosi

Basi nibakize swali moja tu, kisha nitawaacha mpumzike. Mmetaja kwamba kuna bonasi ya masomo ya wachezaji. Hiyo inapimwaje, na kuna mtu anayeijali? Na je, sasa kwa kuwa wachezaji wenyewe wanalipwa na vyuo, hesabu za makocha zitabadilika?

---

Punti ya Nne

Masomo hupimwa kwa kipimo cha chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kinachotoa hadi pointi 1,000 kwa kila timu kulingana na wachezaji wangapi wamebaki chuoni na wangapi bado wanastahili kucheza kimasomo. Timu ikishuka chini ya 930 inaweza kuzuiwa kucheza mechi za baada ya msimu. Bonasi ya kocha hupachikwa juu ya kiwango hicho, na ukiiweka kando ya ile ya ubingwa utajua chuo kinathamini nini, hata kabla hujasoma hotuba ya mkuu wa chuo. Halafu kipimo chenyewe hutegemea sana washauri wa masomo, ambao mshahara wao ni sehemu ndogo mno ya ule wa kocha.

Tabia ya kumlipa mtu kwa kazi ya mwingine haiishii kwa makocha pia. Mwaka 2014 mkurugenzi wa michezo wa Ohio State alipata bonasi ya zaidi ya dola 18,000 kwa sababu mwanafunzi mmoja wa mieleka alitwaa ubingwa wa taifa. Kijana aliyeshinda, kwa kanuni za wakati huo, hakuruhusiwa kupokea hata senti moja kwa ushindi huo.

---

Kifungu Kidogo

Kuhusu malipo ya wachezaji, hapo ndipo ninapotarajia mabadiliko, na si kwa sababu ya busara bali kwa sababu ya uhaba. Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA kuhusu malipo yao, na kuanzia mwezi uliofuata vyuo vilivyojiunga vinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kwa ukomo wa takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, michezo yote ikiwemo. Deni la Fisher peke yake ni zaidi ya ukomo huo mara tatu na nusu. Zamani mfadhili aliyechangia kumwondoa kocha hakuwa na kingine cha kununua kilichogusa matokeo moja kwa moja. Sasa anaweza kuuliza ni wachezaji wangapi wangepatikana kwa fedha hizo, na akapewa jibu lenye majina.

Texas A&M yenyewe ilipomwajiri Mike Elko baada ya Fisher, ilimpa miaka 6 kwa dola milioni 7 kwa mwaka, bonasi zinazopanda kwa kila hatua ya mchujo wa taifa, na udhamini wa asilimia 75 ya kilichobaki badala ya asilimia 100. Huo ndio mkataba uliokaribia pendekezo lako kuliko mingi, na ulitoka kwa chuo kilichokuwa bado kinamlipa mtu wa kabla yake. Elko naye alipoanza kushinda, Novemba 2025, chuo kilimpa mkataba mpya wenye mshahara mkubwa zaidi.